Aliyegeuza Gari

Kioo cha jicho nimekibana kwa nyusi.
Mwanga wa Barabara ya Tisa unapenya
hadi kwenye meno ya gurudumu dogo kuliko ufuta.
Saa hii ni yako, Abednego.
Imekwenda Arusha na kurudi mara zisizo hesabu
kwenye mkono wa gadi wa treni,
leo imelala chali mbele yangu
kama mbuzi wa Krismasi.

Umeileta na karatasi ya daftari, mikunjo minne.
Mwanao yuko kidato cha sita, anasoma fizikia,
amekulisha maneno, nawe hukulala.
Ukaniandikia, kama utotoni tulivyotupiana mafumbo:

    Nijibu fundi wa saa, nimeingiwa na fundo,
    Nikiwasha yangu taa, gari liwapo na mwendo,
    Mwanga utaokimbia, huongezwa na kipando?
    Au hauna udhia, una mmoja mkondo?

Nikajibu nyuma ya risiti:

    Mwanga haushiki deni, kwa gari wala farasi,
    Uwashwe uwe garini, au chini kwenye nyasi,
    Ukiupima yakini, haubadiliki kasi,
    Kinachopinda ni nini? Saa zetu na nafasi.

Hapo ungeliacha. Lakini sisi akina Semhando hatuachi.
Jumapili baada ya ibada, chungwa la Muheza mkononi,
ukasema: "Petronila, tulizaliwa usiku mmoja,
mimi nikakutangulia dakika ishirini.
Kijana anadai saa ya anayekimbia huchelewa.
Basi miaka thelathini ya reli imenipunguzia umri?
Bado mimi ni kaka?"

Nikashika kalamu. Kilomita arobaini kwa saa.
Toa siku mlizokwama Korogwe kwa mafuriko,
toa likizo, toa miaka ile reli ilipoota majani
ukauza mkaa.
Jibu: hata sehemu moja ya milioni ya sekunde hukuifikisha.
Ukope haujawaza hata kupepesa.
Wewe ni kaka, kula chungwa lako.

Hukula. Ukasema: "Ngoja.
Mimi nikiwa dirishani, gari limetulia,
Pongwe ndiyo inayokimbia, Muheza inakimbia,
mikonge inapita mbio, safu kwa safu,
kama wafungwa waliovunja jela.
Kwangu mimi, msafiri ni wewe na meza yako.
Saa iliyochelewa ni yako.
Haya, mdogo nani?"

Fumbo hilo lilinikalisha wiki nzima.
Nilimrudishia Mzee Mntambo saa ya kike, akaivaa, akaondoka.

Jibu nililikuta kwenye chai.
Ilikuwa mezani, imetulia, hata povu halitikisiki,
nikaikumbuka ile niliyoinywa kwenye gari lako
mwaka wa msiba wa mama:
ulipofunga breki, yote ikanimwagikia magotini.
Hatufanani, Abednego.
Aliyefika mwisho wa reli akageuza ni wewe,
na anayegeuza chai yake humwagika.
Stuli yangu haijawahi kugeuza popote.

Tena lipo ambalo kijana hajakwambia,
au kaliogopa:
baina ya kuagana na kukutana,
njia iliyonyooka ndiyo iliyo ndefu kwa wakati.
Kila ulipokata kona ulinyimwa chembe,
mimi niliyeketi nikaila.
Sijui niiite riba
au kodi ya kukusubiri.

Saa yako imepona. Lilikuwa vumbi la mkonge tu.
Ndugu halipi, ila usimtume mtu.
Saa mbili zikiwa mbali, kila moja ina haki ya kuituhumu nyenzake,
na hakuna hakimu.
Njoo mwenyewe, uiweke kando ya hii yangu,
hapa, juu ya kitambaa,
tuzisikilize.