Mlango wa Mvule

Jumapili baada ya saa nane, kibanda changu cha redio
hakitengenezi redio.
Anakuja Onzima na kikohozi chake,
Mugoya aliyestaafu reli,
na Nabirye, ambaye hufika mwisho
akakalia kiti kizuri bila kuombwa.

Tunaishusha ukutani.
Uzi wa nne si wa gitaa, ni waya wa breki ya baiskeli,
na mwili wake, kabla ya kuwa besi,
ulikuwa mlango wa ghala la pamba kule Bugembe.
Mvule. Bado una tundu la komeo chini ya nyuzi;
nimelijaza nta, lakini kidole hulijua.

Halafu ubishi.

Onzima anaanza na Drajiga. Kila wiki anaanza na Drajiga,
koplo wa bendi ya kambi, mkono wa kulia
umebakiwa na dole gumba na nusu ya shahada.
"Sauti moja kwa kila hatua. Moja!
Meja alicheza mpaka kofia ikamwanguka,
na Drajiga hakuongeza ya pili."
Mugoya anacheka kwa pua:
"Alikuwa anapiga au analinda lango?"
Wake yeye ni Kirunda wa hoteli ya ziwani,
aliyepanda na kushuka shingo ya gitaa kama kima kwenye mpapai
mpaka mwimbaji akasahau beti zake,
akabaki kumtazama.
"Ndiyo hasa. Besi inayomsahaulisha mwimbaji imeiba."
"Imekopa."
"Imeiba, Mugoya, na haikurudisha."

Mimi nachovya chapati kwenye chai, nasema besi ni chumvi,
haionekani ila ikikosekana.
"Ulisema hivyo wiki jana," anasema Nabirye.

Hana mpigaji wa kumtetea.
Miaka kumi na mmoja alipiga kanisani Walukuba
nyuma ya pazia,
kwa sababu mchungaji hakutaka mikono ya mwanamke
ionekane ikifanya vile.
Waumini walitetemeka mbavuni
wakadhani ni jengo.

Ndipo umeme ukakatika.
Mji huu, wenye mto mzima unaogeuzwa stima
ukapelekwa kwa wengine!
Amplifaya ikakoroma mara moja, ikafa.
Besi bila umeme ni mtu anayenong'ona ndani ya gunia.
Mugoya akatafuta kofia yake.

"Kaa," Nabirye akasema.
Akaipakata, akageuza kiti,
akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kibanda,
ubao kwa ubao,
akagusa uzi wa nne, ule wa breki.

Mlango ukaitika.
Si kwa nguvu. Bawaba zilitangulia,
kisha misumari ya rafu, kisha kikombe changu:
chai ikachora duara, ikafuta, ikachora.
Onzima akaweka sikio kwenye ubao, na kikohozi kikamwacha.
Mugoya upande wa pili, shavu limebanwa
kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana.

Alipiga ya Drajiga, moja kwa kila hatua,
muda mrefu, hadi nikaanza kungoja kitu nisichokijua.
Kisha ngazi tatu za Kirunda, upesi,
kisha akarudi kwenye moja
kama aliyetoka tu kuepua sufuria.
Nikawatazama wale wawili.
Hakuna aliyedai chake.

Nje, kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria
akagonga bati.
"Mna jenereta humo?"
"Hapana," nikamjibu kupitia ubao.
"Basi ni nini hiki kinachonitambaa miguuni?"

Nabirye hakuinua macho.
"Mwambie aegemee."