Upande wa Sifuri

Kazi yangu ilikuwa ndogo: kushika ncha ya futi.
Mpimaji, Bwana Bauma, alishika upande wa kusoma,
mimi upande wa sifuri.
Nililipwa kwa siku, na siku ya mvua sikulipwa.

Tulipima Buhene, ambako mlima ulikuwa umetutangulia
usiku mmoja, bila kalamu wala shahidi.
Kichochoro, kitalu cha lengalenga, choo, kaburi la mtoto,
vyote vimekuwa jiwe moja jeusi
lenye makunyanzi, kama utando wa maziwa yaliyopoa.

Karatasi nayo ilikuwa imetutangulia:
ya bwana mmoja wa Himbi,
viwanja kumi na viwili kwa mstari mmoja,
mhuri bado unanuka wino.
Hakuwahi kukanyaga pale. Viatu vyake visingemruhusu.

Kahambu alikuja na nyundo
ya kupasulia kokoto, ile ya kazi yake.
Akasimama penye nguzo ya umeme iliyobaki imeinama,
akaupa mlima kisogo,
akahesabu hatua kwa sauti:
ishirini na tisa, thelathini, akasita.
"Hapa nilikuwa napinda kumkwepa mbwa wa Sebuhoro."
Akapinda. Mbwa hayupo, Sebuhoro hayupo.
Arobaini.
"Kizingiti changu mmekikanyaga."

Bwana Bauma alicheka kwa adabu.
"Mama, serikali haihesabu kwa mbwa."

Akaanza kuponda.
Siku ya kwanza peke yake.
Siku ya pili akaja Nyiramana, aliyefukuzwa na shemeji zake,
na kijana wa chukudu aliyesema anasubiri mzigo tu,
na wapangaji, watu ambao hata kabla ya moto
hakuna aliyewahi kuwauliza mpaka uko wapi.
Huyu alikumbuka bomba,
yule alikumbuka harufu ya kasiksi ikichacha ng'ambo ya ua.
Wakabishana hadi jua likatua.
Nyiramana alisema choo kilikuwa kushoto;
wakamzomea;
kilikuwa kushoto.

Siku ya nne, kina cha goti, nyundo ikabadili sauti.
Simenti.
Na ndani ya simenti vifuniko vya soda, kutu tupu,
vimepangwa kuwa herufi K,
mguu mmoja wa herufi mfupi.
"Soda zilituishia," akasema Kahambu.

Bwana Bauma aliitoa fomu mfukoni.
Imechapwa hivi: *Mwenye kiwanja, Bwana*,
nukta mbili, mstari.
Chini yake: *mrithi wa kiume*,
mstari mwingine.
"Mume wako anaitwa nani?"
"Yupi? Aliyekufa au aliyekimbia?"
Kalamu ikaning'inia.
"Karatasi yako," akasema Kahambu, "pembeni ni nyeupe."

Sikumbuki nani alikohoa.
Bwana Bauma aliigeuza fomu ubavu
akaandika pambizoni, herufi za kubanana,
jina linapanda kama mtu anayepanda ngazi:
K-a-h-a-m-b-u.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa,
kidole gumba juu ya kifuniko cha kwanza.
Miaka sita nimeishika sifuri
nikidhani inaanguka yenyewe kutoka mbinguni.
Kumbe kuna mtu huiweka.

Kesi bado. Bwana wa Himbi ana wakili
na subira ya watu walioshiba.
Ofisini wanasema pambizo si sheria;
wengine wanasema halijakatazwa.
Mimi nilirudishwa nyumbani, sijui kwa kosa lipi.

Lakini nilipita Buhene juzi.
Kuta hakuna, bati hakuna, anga tupu.
Kahambu amekifagia kizingiti hadi K inang'aa.
Ameketi ndani, yaani upande wa pili wa simenti,
anachambua maharagwe,
na upepo unaingia bila ruhusa.
Mimi sikuthubutu.
Nilisimama nje, hatua moja kutoka kwake,
nikapiga hodi.