Kanda ya Wanawake

Saa moja ya kanda hula saa moja yangu.
Hakuna njia ya mkato, Twalib amenambia:
kamkoda lazima icheze kama ilivyoona,
kwa mwendo wa mtu,
na diski inywe polepole
kama mgonjwa anyweshwaye uji.

Amekaa kitini, mgongo kwangu, uso ukutani.
Ndilo sharti. Kanda hizi ni za kupamba,
nilizipiga mimi, mwanamke, milango imefungwa,
mabuibui yametupwa juu ya kitanda,
na mbele ya mama wa kila biharusi nilikula kiapo
kwamba jicho la mwanamume halitazifikia.
Sasa kuvu imeanza kuzila.
Chumvi ya Kibokoni haikula kiapo na mtu.

Mimi kompyuta siijui. Yeye aijua.
Basi Twalib ni ulimi, mimi ni vidole.

"Umesafisha kichwa?"
Kwa pamba na spiriti.
"Waya umeingia? Ule mwembamba?"
Umeingia.
"Waona duara jekundu?"
Naliona.
"Bonyeza. Kisha usiguse kitu, shangazi, hata meza."

Nikabonyeza.
Tarehe ikatokea pembeni: Agosti, tisini na tisa.
Munira kitini, dhahabu hadi kitovuni,
hina mbichi imempanda viwikoni,
hathubutu kujikuna pua.
Picha yatetemeka; nilikuwa najifunza.
Dakika nzima nimepiga miguu ya watu
na feni.

"Chini kushoto pana namba," asema ukuta.
"Fremu zilizopotea. Zi ngapi?"
Sifuri.
"Alhamdulillahi. Na nafasi ya diski?"
Yapungua.
"Wacha ipungue."

Taa ndogo ya diski yapepesa, yapepesa.
Kila mmoja anaomba kimoyomoyo
stima isikatike.

Ndipo akaingia Thuweba kwenye picha.
Nywele wazi, asumini zimelegea sikioni,
sinia ya kaimati mkono mmoja.
Akaja mpaka usoni pa kamkoda, akauliza:
"Hii mashine yako yala watu, au na kaimati yala?"
Akacheka.
Kile kicheko chake: chaanzia puani, chakwama,
kisha chafunguka kama mlango wa bati.

Shati la Twalib likakaza mabegani.

Alizikwa mwaka uliofuata,
mwanawe hajang'oka jino la kwanza.
Nyumbani pana picha yake moja, ya kitambulisho,
na picha ya kitambulisho haicheki.

Nikangoja aulize ni nani huyo.
Hakuuliza. Alisema:
"Sauti yasoma sawa?"
Yasoma.
"Ongeza kidogo. Nisikie kama inapasuka."

Nikaongeza.
Ikajaa chumba: vigelegele, bangili, vijiko,
na ndani yake yeye, akiomba kiti,
akimwambia mtu asogee.

"Kuna nini sasa?"
Watu wanakula.
"Na nini?"
Kuna mtoto amelala pajani pa mamake.
"Mtoto gani?"
Mwenye soksi moja. Mdomo wazi.
Ameshika mkufu wa mamake asiuachie.

Usiku ule macho yake yaliruhusiwa,
naye akayafumba, akalala.

Hakusema neno tena.
Nje muuza kahawa alipita akigonga vikombe,
tukamwacha apite.

Kanda ikafika mwisho. Kioo kikawa buluu tupu.
Diski ikanong'ona kidogo, ikatulia.
"Imekwisha?"
Imekwisha.
"Fremu zilizopotea?"

Nikaitazama namba, chini kushoto,
ile sifuri, mviringo kama kaimati.

Nyingi, nikamwambia. Nyingi sana, Twalib.
Itabidi turudie tangu mwanzo.

Yeye aliyenifundisha kuwa ikipotea hata moja
kompyuta hulia,
na haikulia,
alinyamaza kidogo.
Kisha akasogeza kiti,
akakaribia ukuta.
"Rudisha kanda," akasema.
"Na sauti usiipunguze."