Dakika ya Sitini na Nane

Kiingilio ni shilingi hamsini, na tiketi hakuna:
Amukoya wa mlangoni hukugonga muhuri kwenye kifundo cha mkono,
muhuri wa zahanati iliyofungwa, wino wa zambarau,
herufi tatu tu zimesalia.
Mlango wenyewe ni kamba. Ukuta ni michongoma.
Wenye hamsini tunapita kwenye kamba,
wasio nayo wanapita kwenye miiba, na sote tunajuana.

Nimevuka Butere kwa miguu, daftari kwapani.
Mistari ya uwanja leo ni ya jivu, chokaa imeadimika;
jivu limetoka jikoni kwa mama yake nambari tisa,
na ukitazama vizuri, pale kwenye kona ya kaskazini
kipande kimoja cha mkaa bado kinafuka.

Yala walitarajiwa saa nane, wakafika saa tisa na robo,
kumi na mmoja kamili, na wa akiba hana viatu.
Jezi zao bluu. Zetu bluu.
Refa akakuna kichwa. Wetu wakazigeuza zao ndani nje,
wakacheza na mishono hadharani.

Nambari nne ni Nandwa, msaga unga wa sokoni.
Hajanawa nyusi. Kila akipiga kichwa
kiwingu cha mahindi hubaki hewani
mahali alipokuwa.
"Ugali!" tunamwita. Anatupungia mkono. Anapitwa.

Mimi sikuzaliwa na mapenzi ya mpira.
Kaka yangu Eshitemi alivaa sita hapa miaka minane,
na wiki tuliyomzika nilitafuta mahali popote
palipoandikwa kwamba aliwahi kufunga.
Gazeti halifiki ligi hii. Redio haitujui.
Chama kilikuwa na faili; mchwa walikuwa na njaa.
Nikanunua daftari la kurasa mia mbili,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
nikaanza kuja kila Jumamosi.
Tarehe. Hali ya nyasi. Nani, dakika gani, mguu upi.
Namwandika yeyote.
Hata wa Yala.

Dakika ya sitini na nane
(kwa saa ya simu yangu; ya refa ilisimama tangu Krismasi)
Okwara mdogo, mwalimu wa chekechea,
aliutuliza mpira kwa paja.
Kipa wa Yala alikuwa akitazama mawingu.
Alikuwa na haki ya kutazama mawingu.
Mpira ukampita juu, polepole,
kama mgeni anayejua nyumba haina mbwa.
Nyavu hatuna. Ukaendelea kwenda
hadi vichakani kando ya reli, watoto wakaufuata kundi zima,
na sisi tuliokalia mataruma ya zamani tukainuka,
watu sitini na mmoja, nilihesabu,
na mwuza njugu akamkumbatia askari wa kaunti
aliyekuwa amekuja kumfukuza.

Kisha mvua. Ile yetu ya jioni, isiyoomba radhi.
Jivu liliondoka kwanza:
mstari wa kati ukawa kijito cheusi
kikateremka kwenye shamba la viazi la jirani,
ukabaki uwanja usio na ndani wala nje.
Refa alizunguka akitafuta boksi kwa ncha ya kiatu.
Hakuiona. Akapuliza filimbi, ikatoa maji.
Mechi imevunjika, akasema. Itarudiwa, kwa kanuni,
kuanzia sifuri.

Tulijibanza chini ya upenu wa duka la mbolea,
Yala na Butere, bluu na bluu, meno yakigongana.
Okwara alikuwa kando yangu.
"Kwa hivyo sikufunga?"

Sikuwa na la kumwambia. Nikalifungua daftari ndani ya koti,
ukurasa wa arobaini na tatu, wino umeanza kutoa jasho:
dak. 68, Okwara, mguu wa kushoto.

Akasoma, mdomo ukichezacheza kama wa mtoto wa darasa lake.
Akasoma tena.
"Ni wa kulia," akasema.

Nikakata. Nikaandika wa kulia.