Upande wa Pili

Santuri ya Semboja ilirekodiwa Ngamiani,
ukumbini, mvua ikipiga bati.
Gitaa linaanza kabla hajaketi;
kiti kinalia, anacheka: "Ngojeni kwanza."

Kisha ile bluzi ya mashambani,
sauti imekwaruzwa kama kiganja cha mkata mkonge.
Uzi mmoja umelegea. Hakuukaza,
akauimbia hivyo hivyo.

Upande wa pili, wimbo wa tatu,
chupa inaanguka, mtu anapaza:
"Rudia hapo, Semboja, rudia!"

Huyo ni baba.
Picha yake hatuna.

Mama hutafuta sindano mpya Barabara ya Kumi na Mbili,
hufuta vumbi kwa pindo la kanga,
huushusha mkono wa gramafoni pale pale,
kabla kidogo ya chupa.

Na Semboja, naye marehemu,
anarudia.