Nusu Kilo

Kadi za biashara nilichapisha kabla ya kununua ndoo.
"Mkurugenzi Mtendaji", herufi za dhahabu,
namba mbili za simu, moja imekufa.
Ofisi ilikuwa chumba cha dada yangu, Kitangiri,
na kampuni nzima tulikuwa wawili:
mimi, na Masalu aliyeuza pikipiki yake
tupate mizani ya umeme.

Igombe, alfajiri, dagaa wametandazwa juu ya chanja.
Nikawahutubia akina mama. Nikasema mfumo,
nikasema mnyororo wa thamani,
nikasema tutakua pamoja.
Nyabuso aliendelea kuchambua,
dagaa huku, kokoto kule.
Nilipomaliza akauliza: "Wewe mtoto wa nani?"
Nikadhani hajaelewa biashara.

Miezi mitatu tulipima.
"Mizani yenu haishibi," wakasema.
Haishibi! Nilicheka. Mashine ina njaa gani?
Nikawatumia ujumbe kwa simu, mrefu, wenye adabu
ya mtu asiyetaka kuja.

Siku moja tukakuta chanja tupu, magunia yamefungwa.
Nyabuso akatoka, mjukuu mgongoni,
kadi ya kliniki mkononi.
"Jana kapimwa: kilo tisa na nusu.
Haya, mpandishe."
Mwenye kioski akazima redio.

Mtoto akakaa juu ya bamba kama mgeni rasmi,
akashika kingo mbili.
Tisa kamili.

Masalu akanivuta shati:
"Sema jana alipimwa kabla ya kunya."

Ningeweza. Wangecheka, yangekwisha.
Lakini mtoto alikuwa akinitazama
kama anayesubiri kuambiwa ana uzito gani.

"Mizani imekosea. Nusu kilo. Kila mara."
Nikapindua ndoo, nikaikalia, nikafungua daftari.
Tulikuwa tumepima mara mia nne na kumi na mbili.
Kilo mia mbili na sita
za jasho la watu, tumboni mwa kampuni yangu.
Haishibi. Kumbe waliniambia.

Nililipa kwa awamu nane.
Nyuma ya zile kadi za dhahabu
niliandika deni la kila mmoja:
Nkwimba wa karibu na bomba,
Kabula mwenye pacha Sengerema,
Mama Bahebe asiyepokea noti iliyochanika.
Ndivyo nilivyoyajua majina.

Masalu aliondoka awamu ya tatu.
"Umegawa pikipiki yangu," alisema, na hakukosea.
Akina mama niliwakalia chini nikawaeleza;
yeye sikumwita hata kwa chai.
Nilidhani wa kwako haelezwi.
Siku hizi anauza vipuri Buzuruga.
Nikipita napiga honi.
Anainua mkono, hasogei.

Mvua za Aprili zilipotukuta bila senti
Nyabuso alinipa magunia kumi na moja,
hakuandika popote.
Akauliza tena: "Wewe mtoto wa nani?"
Safari hii nikamjibu, nikianzia kwa babu
aliyevuka kutoka Ukara na mbuzi mmoja,
mpaka chai ikapoa.

Mjukuu sasa ana miaka mitano.
Kila Jumatatu, kabla ya gunia la kwanza,
anapanda yeye, viatu kavua.
"Kumi na sita," nasoma.
"Wiki iliyopita ilikuwa na robo," anasema.
Wote tunainama kutazama.