Ukimya: Badar

Julai nzima kazi yangu ilikuwa kuzima.
Mimi, Badar bin Zahor, fundi viyoyozi wa Wadi Kabir,
ambaye watu huniamsha saa nane za usiku
nikawawashie.

Studio ilikuwa stoo yangu, nyuma ya mitungi ya gesi.
Trei za mayai ukutani, mia mbili na ushei
(tulikula kimanda mpaka Savio akaapa basi),
mlangoni blanketi la Zuwena, lile la chui,
na kipaza sauti cha kuazima, kimevishwa soksi.
Nje, nyuzi arubaini na saba.
"Zima," asema dada yangu. Nazima.
Kimya chaingia kama mgeni mnene,
chajibana katikati yetu,
na jasho laanza kuhesabu: moja, mbili, tatu, nne.

Dakika nne. Zikizidi, nyuzi za gitaa zalegea,
Savio atukana kwa Kigoa,
besi yamponyoka kama sabuni ya bafuni.
Ndiyo maana nyimbo zote nane ni fupi.
Wajuzi wamesema ni mtindo.
Si mtindo. Ni joto.

Mama alikuja mara moja, na chupa ya chai ya maziwa.
Akasimama. Akamtazama Thuweini na ngoma zake.
Akauliza, kwa Kiunguja ambacho Maskati,
kwa miaka arubaini, haijakichuja:
"Huyu mtoto ana ugomvi na nani?"
Mashine ilikuwa inanasa. Hatukufuta.
Imo wimbo wa tatu, kabla gitaa halijaingia,
na vijana wa Mabela, hata wasiojua neno la Kiswahili,
huipigia kelele pamoja naye.

Wimbo wa nane niliuharibu mimi.
Zuwena amefumba macho, anaimba chini chini
habari za baba, aliyeaga anakwenda Dubai wiki mbili,
na viatu vyake vya Ijumaa, na kiwi yake,
jinsi tulivyovipiga rangi kila Alhamisi
mpaka mguu wangu ukavienea.
Sikujua kama na yeye anakumbuka kiwi.
Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi.

Nilisema uliteleza.
Kiyoyozi kikaguna, kikakohoa, kikanguruma,
na Savio, badala ya kutukana,
akainamisha sikio, akakitafuta mngurumo wake
kwenye uzi mnene, akaupata, akakaa nao.
Zuwena hakufumbua macho.
Tukamaliza hivyo, upepo wa baridi ukitupiga migongoni.

Kwenye jalada wameandika:
Sauti na gitaa, Zuwena. Besi, Savio. Ngoma, Thuweini.
Ukimya, Badar.
Nikacheka, nikaomba lifutwe jina langu.
Wakadhani naona haya.

Juzi nilikuwa juu ya ngazi, nyumba moja Al Khuwair,
bisibisi mdomoni, kapasita mpya mkononi.
Binti wa nyumba ile akaweka albamu yetu, sauti juu.
Sikugeuka. Nikaifuata mmoja mmoja mpaka wa nane,
mpaka kiwi, mpaka mkono wangu.
Mngurumo ukajaa sebule nzima.
Mwenye nyumba akatoka jikoni, anafuta mikono,
uso umemchanua:
"Mashaallah, fundi! Imewaka?"

Nikatoa bisibisi mdomoni.
"Bado, mama," nikamwambia.
"Hiyo ni ya zamani."